Ndoo ya Ishirini

Ndoo kumi na tisa, chumba cha nyuma, Kahawa West.
Vumbi la mbao natoa kwa seremala Ndirangu,
bure, mradi lisiwe la msonobari mbichi:
harufu yake huwachoma mapafu.
Naingia kabla ya chai.
Mkojo wao ndio unaonisalimu;
ukinisalimu kwa ukali, nimechelewa kusafisha.

Mama aliwafukuza kwa mwiko ghalani, Makueni.
Mimi nawapimia unga, omena, maganda ya karoti,
nawabembeleza wazae.
Ati panya wengi hawachimbi shimo.
Wangu wangechimba nini? Ardhi yao ni plastiki.

Kuchagua ndiyo kazi.
Simtaki mnene, simtaki mrembo.
Namtaka yule ambaye nikitia mkono
ananusa kwanza, hang'ati.
Namtaka mama aliyezaa kumi akalea kumi.
Aliyekula wanawe mara moja namsamehe:
huenda palikuwa na kelele, huenda kiu.
Mara ya pili, mstari mwekundu.
Dume atoke ukoo mwingine,
la sivyo, baada ya vizazi vichache,
wanazaliwa wepesi kama ahadi ya mlevi.

Wa uzazi nawapa majina:
Kasisi, Bi Mkubwa, Mwenye Duka, Teresia.
Wengine wana tarehe tu.
Jina ni kamba, nami sitaki kamba kwenye friza.
Stima ikipotea, friza naifunika blanketi
lile la harusi yangu.
Ndilo zito.

Vichanga wa siku mbili, wekundu kama fizi,
ni wa nyoka wachanga.
Walioota manyoya, wa nyoka wa mwaka.
Panya asizidi unene wa tumbo la nyoka,
nawaambia wateja, basi.
Nao huniuliza jambo moja, kila mara:
"Hajagusa dawa?"
Maana saa nne kipaza sauti hupita na mkokoteni,
ya panya, ya mende, ya kunguni, hamsini tu,
nami hufunga dirisha
kana kwamba watoto wametukanwa.

Kisha ikawa hivi.
Hasmukh, daktari wa meno, wa Ngara,
alichukua dume mmoja hai;
chatu wake hali kilichokufa.
Siku ya nne akamrudisha
ndani ya kopo la Kimbo lenye matundu matatu.
"Chatu anajivua gamba, hataki kitu.
Nimemkuta huyu amelala katikati ya pingili zake
kama mpangaji aliyelipa."
Pesa alikataa nisimrudishie.

Nikamtia ndooni kwao.
Wenzake wakanusa, wakarudi nyuma,
wakapandana ukingoni, kimya.
Hakuna kati yao aliyewahi kuona nyoka,
wala mama zao, wala bibi zao,
vizazi ishirini vya plastiki na unga.
Walijua.

Nikaketi na daftari.
Mtulivu: ndiyo. Hang'ati: ndiyo. Ukoo: safi.
Kwa kanuni zangu zote, huyu ni wa uzazi.
Kalamu ikagoma.
Miaka yote hii nachagua wasioogopa mkono,
na mkono huu wanaounusa
ndio unaowapeleka.
Yeye alilala juu ya kifo akaamka na masharubu yake:
ni ushujaa, au ni kazi yangu mimi,
kizazi baada ya kizazi,
kuwanyofoa hofu kama mwiba wa samaki?

Nikanunua ndoo nyingine.
Yuko peke yake humo, usiku namsikia
akitafuna kadibodi, bila haraka.
Safu ya kuuzwa, tupu. Safu ya uzazi, tupu.
Jina sijampa.
Ila ndiye pekee mwenye tarehe mbili:
ya kuzaliwa,
na ya kurudi.